Barua Iliyooshwa

Saa nane mchana Mama Mashine angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kumuua bosi wake. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na Inspekta alikuwa amekaa naye kwenye benchi la mahabusu, bega kwa bega, akimtazama vidole. Vidole vya mtu mwingine vikikosa kazi hutulia. Vya bibi huyu vilikuwa vinataipu hewani.

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Chai ulipika wewe?"

"Nilipika mimi. Miaka thelathini na moja napika mimi. Kama nilitaka kumuua ningengoja yote hiyo ya nini, mwanangu? Ningemuua mwaka ule aliponirudisha kutaipu rufaa ya kurasa mia mbili upya, eti kapenda neno lingine."

Sajini, aliyesimama mlangoni, alicheka, kisha akakumbuka yuko wapi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mzee Kalamu, wakili wa miaka arobaini na minne kazini, alikutwa Jumanne saa sita mchana ameinamia meza yake ya ofisini, kikombe kitupu pembeni. Daktari alikuta tumboni mwake dawa za moyo za mzee mwenyewe, za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Kwenye kompyuta palikuwa na barua ya kuaga, mistari sita: amechoka kuchekwa, asilaumiwe mtu. Kituo kizima kilishusha pumzi. Kajiua, Mungu amrehemu, jalada lifungwe. Ndipo Inspekta akauliza swali la kijinga: huyu mzee alijua kutaipu?

Hakujua. Hakuna aliyesema anajua, na hilo jina la Kalamu hakulipata bure. Binti yake, naye wakili kwenye ofisi hiyohiyo, ndiye aliyesema huku akifuta machozi, "Basi muulizeni aliyekuwa akimtaipia." Mkuu wa kituo hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliyetaipu ndiye aliyepika chai, aliyepika chai ndiye aliyeua. Bibi wa miaka sitini na mitatu akavuliwa viatu na kanga ya kichwani, akalazwa kwenye sakafu ya saruji siku tatu.

"Chai ulimpelekea mwenyewe mkononi?"

"Nimeshasema. Niliiweka na sinia kwenye kimeza cha koridoni, saa tano kasorobo. Simu ikalia kule mbele. Niliporudi sinia halipo, nikajua kalichukua mwenyewe. Ofisini tulikuwa na wale mawakili watatu wa kamati ya kikundi chao cha kompyuta, binti yake mmojawapo. Walikuwa chumba cha mikutano, wanajaribu mtambo wao wa kumulika ukutani kwa ajili ya mkutano wa Jumatano."

"Na kuna kitu unanificha."

Vidole vilisimama. Mama Mashine alitazama ukuta, akatazama ndoo iliyokuwa kona, akatazama chini.

"Aliniapisha," alisema. "Alikuwa anajifunza kutaipu. Miezi mitatu, kidole kimoja, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Kuna kitu alikuwa anakiandika cha kwenda kuwaonyesha Jumatano. Alikataa nisimgusie hata nukta. Kila siku anakiweka kwenye flashi, na flashi kaifunga kwenye kamba ya miwani, maana aliogopa kompyuta itakimeza."

"Siku tatu umelala hapa chini, hukusema?"

"Nilimwahidi mpaka Jumatano."

"Mama, leo Ijumaa."

"Hiyo Jumatano yenyewe haikufanyika," alisema bibi, na hapo tu ndipo akalia.

* * *

Ndani ya mfuko wa vitu vya marehemu ilikuwamo miwani, na kwenye kamba ya miwani ilikuwamo flashi. Sajini alikuwa ameiandika daftarini kwa mkono wake mwenyewe: *kidude cheusi, kimoja*.

"Kidude cheusi," Inspekta alisema. "Hongera. Siku moja watakupa kituo."

Walikifungua. Lilikuwamo faili moja tu, jina lake *Mkataba wa Nyumba ya Mjane*. Inspekta alisoma kilichokuwamo kuanzia juu mpaka chini. Kisha akatoa leso, akapenga kamasi, na kumtukana Sajini bila sababu. Sajini alikuwa amemzoea, alisubiri hasira ipite.

"Lakini afande, hii ndiyo inaharibu. Kama mzee alijua kutaipu, basi barua ya kuaga kaiandika mwenyewe. Kajiua."

"Hili faili la mzee lina makosa mangapi?"

Sajini alihesabu kwa kidole. "Arobaini na moja."

"Na ile barua ya kuaga?"

"Hakuna hata moja."

"Sasa nionyeshe taarifa za faili. Nani kaliandika, lini, kwa muda gani. Yale yanayojiandika yenyewe kwa nyuma."

Sajini alibofya. Faili la mzee lilitapika kila kitu: jina, ofisi, siku, dakika. Akafungua barua ya kuaga. Palikuwa patupu. Hakuna jina, hakuna saa, hakuna dakika hata moja ya kazi, utadhani ilishuka kutoka mbinguni.

"Imesafishwa," alisema Sajini.

"Mzee aliyeogopa kompyuta itammezea barua, huyo ndiye ajue kusafisha? Halafu aisafishe ya nini, mtu anayekwenda kufa? Hapana. Hii imetaipiwa kwenye mashine nyingine, mwenyewe akafuta alama zake, akaja kuipachika hapa. Na anayejua kufuta kafundishwa. Twende kwa mafundi wake."

* * *

Kikundi cha mawakili wapenda kompyuta kilikuwa kinakutana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ghorofa ya pili, maktaba ya chama cha mawakili. Viti ishirini vya plastiki, kabati za hukumu za zamani zilizovimba kwa unyevu, na ukutani bango la herufi kubwa: OSHA FAILI KABLA YA KULITUMA. Kamati nzima ilikuwapo, kama walivyoagizwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa tumbo na tai. Fundi alikuwa wakili kijana kidogo kuliko wenzake, mwenye waya mfukoni mwa koti hata siku za mazishi. Na Katibu, binti wa marehemu, alikuwa amevaa nyeusi, macho yamemvimba.

"Kuosha ndiyo nini?" Inspekta aliuliza, kama hajui.

Mwenyekiti alifurahi, maana kuna watu ukiwauliza swali umewalisha. Alieleza kwamba hakuna wakili duniani anayeanza na ukurasa mtupu. Wote huchukua hati ya zamani, wakafuta na kuandika juu yake, na ya zamani hubakia chini kama uchafu chini ya zulia; kuosha ni kuufuta uchafu huo. Kwa hiyo kila mkutano wana Saa ya Aibu. Mwanachama anajiandikisha kwenye karatasi ya zamu, anataja faili lake, siku ikifika anasimama mbele, faili linamulikwa ukutani, na wenzake wanalifunua.

"Mwenye faili anasimama muda wote?"

"Mpaka tumalize kucheka, afande," alisema Mwenyekiti. "Ndiyo kanuni. Aibu inafundisha."

"Mzee Kalamu mlimfundisha nini?"

Fundi ndiye aliyejibu, huku anatafuta mahali pa kuweka tabasamu lake. "Mwezi wa tatu. Alileta utetezi aliotaipiwa. Tukafunua, chini yake kukawa na barua ya kumbembeleza mteja asimwache, kwa sababu amezeeka. Tulicheka dakika ishirini. Hata mgeni wa chama cha majaji alicheka."

"Na yeye?"

"Alisimama tu. Wazee bwana."

Katibu alikuwa anatazama sakafu.

"Sawa," Inspekta alisema. "Kila mmoja ana kompyuta yake hapa. Niandikieni maelezo: Jumanne, saa nne mpaka saa sita, ulikuwa wapi na ulifanya nini. Ukurasa mmoja. Nawapa nusu saa, halafu kila mtu anipe kwenye flashi yake."

"Afande, hayo si tulishayatoa kwa mdomo?" alilalamika Mwenyekiti.

"Mdomo hauna taarifa za nyuma."

Alisema hivyo akicheka, na wao wakacheka. Walitaipu. Wanaotaipu vizuri hupiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, na Inspekta aliketi chini ya bango, anajisafisha kucha kwa kalamu. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo. Mama Mashine alikuwa amebakiza saa tatu kasorobo.

Flashi zilipokuja, Sajini alizifungua kwenye meza ya nyuma, Inspekta kamwinamia begani.

Faili la Mwenyekiti lilikuwa vichekesho. Mwalimu wa kuosha alikuwa ameandika maelezo yake juu ya barua ya kumwomba mama mkwe wake ahame, na barua nzima ilikuwamo chini, na maneno "kwa heshima na taadhima" yamefutwa mara mbili. Mahubiri tu yalikuwa yake, ndoo ya maji hakuwahi kuishika.

La Fundi nalo halikuoshwa, na hilo halikuchekesha. Chini ya sentensi iliyosema *sikutoka chumba cha mikutano* palikuwa na nyingine iliyofutwa: *nilitoka koridoni saa tano kasoro dakika kumi*.

Inspekta alimwita nyuma ya kabati.

"Koridoni kulikuwa na sinia la chai. Ulitoka, ukafuta. Nikufungie leo au kesho?"

"Afande, wallahi sikuigusa chai!"

"Ulitoka kufanya nini?"

Fundi alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye kope. "Kubandika karatasi. Kwenye mlango wake. Ilikuwa mzaha tu. Niliandika, MAKUMBUSHO, USIGUSE."

"Na iliposemekana kafa?"

"Nikakimbia kuibandua."

"Kabla ya kumwita daktari au baada?"

Fundi alianza kuuvutavuta waya wa mfukoni. Inspekta aliuliza, "Sinia ulilikuta?"

"Lilikuwapo, chai inatoa moshi. Niliporudi chumbani alikuwapo Mwenyekiti peke yake, anagombana kwenye simu na mkewe juu ya huyo mama mkwe. Hakuinuka. Katibu hakuwapo. Alirudi baada ya nusu saa na zaidi, akasema alikuwa msalani."

"Kaa. Usiseme neno. Ukikohoa tu nakutia pingu za kikohozi."

Sajini alikuwa ameshafungua faili la tatu. Hakuhitaji kuonyesha kwa kidole. Maelezo ya Katibu yalikuwa yamepangika vizuri, aya kwa aya, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Jina hakuna. Saa hakuna. Amekaa pale mbele yao nusu saa nzima anataipu, na faili linasema dakika sifuri.

"Wote wanahubiri," Inspekta alinong'ona. "Anayeosha mmoja."

"Hiyo mahakamani haisimami, afande. Mtu hafungwi kwa usafi."

"Najua. Ndiyo maana atasimama yeye."

* * *

"Kuna faili moja halikupata zamu yake Jumatano," Inspekta aliwaambia wote watatu. "Mwenyekiti, kwenye karatasi ya zamu Mzee Kalamu alijiandikisha?"

"Alijiandikisha. Tulishangaa sana, baada ya yale ya mwezi wa tatu."

"Faili gani?"

"Nakumbuka. Mkataba wa Nyumba ya Mjane."

"Karatasi iko wapi?"

"Anayo Katibu."

"Imepotea," alisema Katibu. "Kwenye msiba, vitu vingi vimepotea, afande."

"Pole. Mkataba huo uliandikwa na nani?"

"Mimi. Ni mkataba wa kawaida tu."

"Mjane mwenyewe wa mkataba huo alikuja kituoni mwezi uliopita," Inspekta alisema. "Nakala yake inasema atakaa kwenye nyumba miaka kumi. Nakala iliyofika mahakamani inasema miezi kumi. Tulimwambia hajui kusoma, tukamfukuza. Hiyo ni aibu yetu, nasi tutasimama siku yetu. Leo ni zamu ya ofisi yenu. Katibu, njoo mbele."

"Nije nifanye nini?"

"Kanuni zenu. Baba yako hayupo, wewe ndiye mrithi. Simama pale aliposimama."

Katibu aliwatazama wenzake. Mwenyekiti alikuwa amegundua jambo la kusoma kwenye tai yake. Fundi hakuthubutu hata kukohoa. Akainuka, akaenda mbele, akasimama kati ya mtambo na ukuta, na mwanga ukampiga usoni.

Sajini alichomeka flashi. Jina la faili likatokea ukutani kwa herufi za futi nzima. *Mkataba wa Nyumba ya Mjane.* Katibu alifumba macho.

"Ulimwona nalo lini?"

"Sijui unasema nini."

"Binti, yule bibi aliyekulea kwa biskuti za ofisini, aliyekutaipia barua ya kuomba chuo, yuko chini pale kwenye saruji bila viatu. Saa nane anapandishwa kizimbani. Ulimwona nalo lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Nilipita mlangoni, likawa kwenye kioo chake. Hajawahi kufungua faili langu hata siku moja. Halafu naikuta karatasi ya zamu, kaliandika jina kwa kalamu yake. Ningeenda kusimama hapa?" Sauti ilipanda. "Mbele ya hawa? Wanifunue, wanivue leseni, na anayenipeleka ni baba yangu mzazi?"

"Fumbua macho. Soma."

"Najua kilichoandikwa. Niliandika mimi."

"Soma kwa sauti."

Katibu aligeuka ukutani. Alifungua mdomo, na mkataba haukuwapo. Kilichobaki cha mkataba kilikuwa kichwa cha barua cha ofisi, na chini yake ukurasa mmoja wa herufi zilizokwenda kombo, maneno yamegongana, mengine yamepasuka katikati. Alisoma kwa shida, na kila alipokwama Inspekta alimwambia, endelea.

"'Waheshimiwa wenzangu. Barua hii nimeitaipu mwenyewe. Sikujua kufungua ukurasa mpya, kwa hiyo nimechukua mkataba wa mwanangu nikafuta maneno yake. Sikuyasoma, macho hayanisaidii, na kazi yake mimi huwa siikagui, ni nzuri kuliko yangu. Jina la faili nalo nimeshindwa kulibadilisha, mtanisamehe.'"

"Endelea."

"'Mwezi wa tatu mlinicheka, mlikuwa na haki. Mtu mmoja tu hakucheka. Nilimwona, alikuwa anatazama chini. Nikasema, mtoto huyu simtii aibu tena mimi. Makosa yaliyomo humu hesabuni, chekeni mpaka mchoke. Mkishamaliza naomba Katibu asimame...'"

Hapo alikoma.

"Endelea."

"Siwezi."

"Mlipokuwa mnacheka dakika ishirini, yeye aliweza. Endelea."

"'...naomba Katibu asimame, mumpigie makofi. Ni mwanangu.'"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Inspekta alimwashiria Sajini abofye pale ambapo wao wenyewe hubofya kila Jumatano, na taarifa za nyuma zikaja ukutani, nyeupe na wazi, maana mzee hakujua kuosha. Muda wa kazi: saa kumi na tisa na dakika nane, ukurasa mmoja. Kuhifadhiwa mara ya mwisho: Jumanne, saa tano na dakika kumi na mbili.

"Saa tano na dakika kumi na mbili," Inspekta alisema. "Chai ilishafika mezani. Nani aliipeleka?"

"Mimi."

"Barua ya kuaga?"

"Nilikuwa nayo kwenye flashi. Aliposinzia nikaifungua. Hii nikaifunga. Sikuisoma, niliona jina la faili tu."

"Andika hilo, Sajini, halafu piga simu kituoni. Waambie wampe yule bibi viatu vyake, na wamwombe radhi, na mkuu wa kituo akiwa wa kwanza." Inspekta alitoa pingu, lakini hakuzifunga bado. Alisogea hadi wakawa wawili ndani ya mwanga. "Ulipoingia na sinia alikuwa macho, anataipu. Alikuambia nini?"

Katibu aliangalia herufi za babake ukutani, zile zilizokwenda kombo.

"Aliniambia nikae karibu yake, kuna kitu anataka kunionyesha."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia anywe chai kwanza."